Mgeni Aliyenyimwa Jembe: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Kimarekani Sinza

Kisa hiki kilitokea Sinza, Dar es Salaam, mwezi Agosti, katika wiki ya kwanza ya binti wa Kimarekani aliyekuja kusoma Kiswahili kwa muhula mmoja. Mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni, na ndiye niliyeitwa wakati yeye na mama mwenye nyumba walikuwa hawasemeshani tena isipokuwa kwa salamu. Wote wawili wameniruhusu kukiandika, bila majina na bila mambo yatakayowatambulisha. Nimeona kinafaa kuandikwa kwa kirefu kwa sababu visa vya namna hii hufungwa haraka kwa maneno mawili, "tofauti za kitamaduni", halafu mwaka unaofuata kinazuka kilekile katika nyumba ya pili.

Waliohusika

Binti alikuwa na miaka 20, mwaka wa tatu chuoni, mzaliwa wa mji mdogo katika jimbo la Ohio. Alikuwa ameshasoma Kiswahili kwao kwa mihula mitatu. Taasisi ya Serikali ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji wiki 36 za darasani, zaidi ya saa 800, ili akimudu Kiswahili kikazi. Yeye alikuwa na sehemu ndogo tu ya saa hizo, lakini alizitumia vizuri: aliamkia watu kwa shikamoo bila kukumbushwa, aliweza kuuliza njia, na alichoandika kilisomeka.

Mama ni nesi mstaafu, mjane, anaishi katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Nyumbani yuko na binti yake aliye chuoni, mjukuu wa darasa la tatu, na dada wa kazi. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupokea mwanafunzi kutoka nje, na programu iliyomleta ilikuwa ikimlipa kwa mwezi. Malipo hayo yana nafasi kubwa katika kisa hiki kuliko wahusika walivyodhani, nitayarudia.

Alikuwepo pia mratibu wa programu, kijana mchapakazi mwenye wanafunzi waliotawanyika Sinza, Kijitonyama na Mwenge, simu yake hailali.

Yaliyotokea

Alifika Ijumaa usiku. Jumamosi alilala mchana kutwa na kuamka usiku. Jirani mmoja baada ya mwingine alipita kumwona, akaketi, akanywa chai, akaondoka. Kila binti alipoinuka kutoa vikombe, aliambiwa, "Kaa, mwanangu, wewe mgeni." Alipoingia jikoni, dada wa kazi alimpokea sahani mkononi. Jumapili jioni alifua fulana yake bafuni, na Jumatatu akaikuta imefuliwa upya, imepigwa pasi, imewekwa kitandani. Jumapili hiyohiyo, baada ya ibada, Mama alimpeleka kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakamjua.

Jumatatu gari la programu liliwachukua wanafunzi wote kwenda Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa semina ya utangulizi. Walielezwa malaria, maji ya kunywa, wezi wa simu na kutotembea usiku. Pasipoti zilikusanywa kwa ajili ya kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho ndicho wanachopewa wanafunzi. Bila pasipoti, mgeni hawezi kusajili laini ya simu, maana tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na kwa mgeni pasipoti ndiyo kitambulisho. Kwa hiyo binti alitoka semina akiwa na simu nzuri isiyofanya kazi popote pasipo na waifai.

Jumanne aliamka saa tisa usiku. Saa tisa usiku ya Dar ni saa mbili usiku ya Ohio wakati ule wa mwaka, na kijana wa miaka 20 saa mbili usiku yuko macho kabisa. Akakaa kitandani hadi adhana ya alfajiri, akasikia majogoo, akasikia mtu anafagia uwanja wa jirani. Ilipofika saa kumi na mbili asubuhi akaamua kutembea kwa miguu hadi chuoni. Aliandika karatasi kwa Kiswahili kwamba amekwenda chuo na atarudi jioni, akaiweka juu ya meza chumbani kwake. Akafungua komeo la mlango, akafungua geti, akaenda.

Karatasi ile haikusomwa na mtu hadi usiku. Mama alikuwa ameagiza kwamba chumba cha mgeni kisiingiwe bila mwenyewe kuwepo.

Alichokikuta Mama alipoamka ni mlango wazi na geti wazi. Wazo la kwanza lilikuwa wezi. La pili lilikuwa binti mwenyewe. Alimpigia mratibu, akanipigia mimi, akamtuma bintiye mtaani upande mmoja na dada wa kazi upande mwingine. Saa mbili asubuhi nilimkuta binti darasani, ameketi mstari wa mbele, amefurahi kwa kutembea. Nikampigia Mama kumwambia yupo salama. Alishukuru kwa sauti iliyokaza.

Laiti ingeishia hapo. Jioni binti alibaki kidogo chuoni. Alitaka kuuona ukumbi wa Nkrumah na kilima ambacho chuo kilihamia mwaka 1964, miaka mitatu baada ya kuanzia kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kisha akapanda daladala, akabadilisha gari Mwenge, akapanda linalopita Sinza. Konda akamuuliza, "Sinza ipi?" Hakuwa na jibu. Ipo Sinza Mori, Sinza Kijiweni, Sinza Madukani, Sinza Makaburini, Sinza Kumekucha, Sinza Palestina, Sinza kwa Remmy, ambayo wenyeji waliipa jina la mwanamuziki Remmy Ongala aliyeishi pale. Alishuka pale watu wengi waliposhuka.

Giza likamkuta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na Agosti jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu. Nusu saa baadaye ni giza totoro. Kwao mwezi huohuo jua huzama baada ya saa mbili usiku, na mwanga wake huondoka polepole. Alikuwa amepiga hesabu ya jioni ndefu ambayo hapa haipo.

Aliuliza. Hilo nataka lieleweke, maana baadaye alilaumiwa kwamba hakuuliza. Aliuliza kwa muuza chipsi, kwa mwenye duka, kwa wamama wawili waliokuwa wakitoka kazini. Aliwatajia majina matatu ya Mama kama yalivyoandikwa kwenye fomu ya programu. Hakuna aliyemjua. Mtaani Mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo anaishi Mwanza. Binti alikuwa hajawahi kulisikia jina lake. Aliyemwokoa ni dereva wa bodaboda. Binti alipoishiwa na maelezo alisema, "Mama huyu alikuwa nesi," na yule kijana akasema, "Ah, Mama Nesi! Panda." Palikuwa mitaa michache tu.

Alifika saa mbili kasoro usiku. Mama alikuwa kibarazani na majirani. Hakufoka. Alisema pole, akaagiza chakula, akakaa naye hadi akamaliza kula. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo, akaingia nao chumbani kwake. Jumatano asubuhi mlango ulifunguliwa Mama alipoamka, na bintiye akaambiwa amsindikize mgeni hadi mlango wa darasa.

Usiku uleule wa Jumanne binti alikuwa ameshaandika barua pepe kwa ofisi ya chuo chake Marekani. Aliomba ahamishiwe bweni. Aliandika kwamba anafungiwa ndani. Jumatano mchana ofisi hiyo ikamwandikia mratibu ikiuliza kama mwanafunzi wao amezuiliwa bila ridhaa yake. Mratibu akanipigia akiwa anatetemeka, na ana haki: swali kama hilo likiingia kwenye faili, nyumba inaondolewa kwenye orodha na Mama anabaki na doa ambalo hajui limetoka wapi.

Maelezo mepesi, na kwa nini hayatoshi

Wenzangu wa kufundisha waliposikia kisa, wa kwanza alisema ni saa. Wanafunzi wengi wanaozungumza Kiingereza huchanganyikiwa na saa yetu inayoanza alfajiri. Huyu hakuchanganyikiwa, alimwambia konda saa kwa usahihi. Wa pili akasema ni lugha. Lakini kila mtu aliyezungumza naye usiku ule alimwelewa. Alikosa jina la kituo na jina la mtaani la mama mwenyeji wake, mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha Kiswahili na ambayo mtoto wa darasa la tatu wa nyumba ile angemfundisha kwa dakika tano.

Ofisi ya Marekani nayo ilikuja na maelezo yake: huu ni mshtuko wa utamaduni, hupita. Maelezo hayo yametoka mbali. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya utafiti katika ufalme wa Ankole nchini Uganda, ndiye aliyeyapa umaarufu katika miaka ya 1950, akichapisha andiko lake mwaka 1960. Alisema mgeni huanza na kipindi cha kufurahia kila kitu, kisha huja kipindi cha kuchukia, kisha taratibu anazoea. Namheshimu Oberg, lakini mpangilio huo unamtazama mgeni peke yake, kana kwamba wenyeji ni mandhari. Katika nyumba hii aliyeumia kwanza alikuwa mwenyeji. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumanne, wakati binti anatembea akifurahia jua la barabara ya Sam Nujoma, Mama alikuwa anatetemeka getini.

Alivyoona kila mmoja

Jumatano jioni nilianza na Mama, peke yake, kwa kuwa ndiye mkubwa na nyumba ni yake. Alizungumza muda mrefu bila kukatizwa. Alisema amemkabidhi binti kwa mjumbe na mwenyekiti kwa mkono wake, akipotea ni yeye atakayeulizwa. Alisema mlango ulioachwa wazi alfajiri ni kuwafungulia watu wabaya watoto wake. Alisema amejitahidi: amenunua chandarua kipya, ameacha kupika dagaa kwa kuhofia harufu, amemkataza mjukuu kupiga kelele. "Nimemfanyia nini, Mwalimu, hata atoke nyumbani kwangu kama anatoroka?"

Kisha binti. Naye alilia, na alilolisema la kwanza halikuwa la ufunguo. Alisema, "Mwalimu, pale nyumbani sina kazi." Alikaa sebuleni siku nzima watu wakimzunguka wanafanya kazi, naye ameketi kama mgonjwa. Hakujua aombe ruhusa ya kufanya nini. Kwao, tangu alipokwenda chuo akiwa na miaka 18, hakuna mtu aliyehitaji kujua anatoka saa ngapi, na alipoamka mapema alifanya kile alichozoea kama njia ya kutomsumbua mtu. Karatasi ile aliiona ni adabu. Alipoona mlango umefungwa kwa ufunguo aliona ameadhibiwa bila kuambiwa kosa.

Hapo ndipo mimi nilipoona kiini. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 kueleza kwamba katika jamii yetu ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Sisi tunaitaja tukitaka kumfukuza mgeni mvivu. Tunasahau upande wake wa pili: jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye ugeni. Anayetumwa dukani anajulikana na mwenye duka. Anayechambua mchele jikoni ndiye anayesikia kwamba mtoto wa kwanza yuko Mwanza na anaitwa nani. Anayetumwa huaga, kwa sababu ametumwa, na hurudi kwa sababu kuna kitu anakileta. Binti huyu alifika Jumanne, siku yake ya nne, bila kutumwa hata kiberiti. Hakuwa na sababu ya kuaga, hakuwa na mtu mtaani wa kumtambua, na alipopotea hakuwa na jina la kutaja.

Na kwa nini mwanamke mwenye busara kama huyu, aliyelea watoto na kuwafunza manesi vijana, hakumpa jembe? Nilimuuliza hivyohivyo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Analipa."

Fomu aliyotia saini ilisema atatoa malazi, chakula, usafi wa chumba na kufua nguo. Mama ni mtu wa kutimiza alichosaini. Kumwachia binti afue fulana yake ilikuwa, kwake, kula fedha ya watu bure. Na zaidi ya fomu kulikuwa na majirani. Mtu akipita akamwona mzungu ameinama anaosha masufuria, kesho mtaa mzima utasema Mama Nesi anachukua fedha za mgeni na bado anamfanyisha kazi za ndani. Aibu hiyo aliiogopa kuliko kukosa usingizi.

Naona malipo haya yanastahili kufikiriwa upya na kila programu inayopanga wanafunzi majumbani. Sisemi yaondolewe. Mama anatumia umeme, gesi, maji na muda, na si haki familia ya mstaafu igharimie masomo ya mtoto wa Ohio. Lakini programu ilimlipa kama mwenye nyumba ya wageni, halafu ikamtarajia aishi na binti kama mzazi. Akitimiza la kwanza, la pili linakufa. Binti naye aliambiwa kwao kwamba anakwenda kuishi "kama mmoja wa familia", akafika akakuta huduma.

Ufunguo nao haukuwa adhabu. Baada ya asubuhi ile ya mlango wazi, Mama alifanya ambalo mwenye nyumba yeyote wa Sinza angelifanya. Lakini alilifanya bila kusema neno, kwa kuwa mgeni hagombezwi. Angekuwa bintiye wa kumzaa angemfokea palepale kibarazani, wangelia, wangelala. Heshima ya ugeni ndiyo iliyomziba mdomo, na binti akaujaza ukimya ule kwa maana iliyomtisha.

Kikao

Tulikaa wote baada ya chakula cha usiku, pamoja na binti wa Mama, ambaye mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Niliomba kila mmoja aseme alichoniambia. Mama aliposikia neno la kwamba binti hana kazi, alishangaa kweli. Binti aliposikia kwamba karatasi yake haikusomwa kwa sababu chumba chake kiliheshimiwa, alifunika uso kwa mikono, akainuka, akamshika Mama miguu kumwomba radhi. Sijui nani alimfundisha kufanya hivyo. Mama akamwinua.

Yaliyokubaliwa yalikuwa madogo. Kila asubuhi binti aende yeye kununua maandazi, pamoja na mjukuu, hadi atakapojulikana. Afue nguo zake. Jioni awe jikoni. Akitoka aage kwa mdomo, aseme anakwenda wapi na anatarajia kurudi saa ngapi, na Mama asimuulize zaidi ya hapo. Apewe ufunguo wake, na akitoka mapema afunge nyuma yake. Alhamisi binti wa Mama alimtembeza: kituo cha daladala na jina lake, duka, genge la mboga, kijiwe cha bodaboda, nyumba ya mjumbe. Kila waliposimama alimtambulisha, "Huyu ni mdogo wangu, anakaa kwetu."

Kuhusu majirani, Mama alipata njia mwenyewe. Jumamosi iliyofuata aliwaita wawili kwa chai, na binti ndiye aliyeiandaa na kuimimina. Walipoona Mama ameketi na mgeni anahudumia, maswali yao yalijibiwa palepale.

Mratibu aliiandikia ofisi ya Marekani barua ndefu. Nilimshauri asianze na utamaduni, aanze na mlango uliokutwa wazi alfajiri. Waliielewa mara moja. Binti mwenyewe aliandika kufuta ombi la kuhama.

Baada ya hapo

Alikaa nyumba ile hadi Desemba. Laini ya simu ilipatikana pasipoti iliporudi, lakini kufikia wakati huo asingepotea tena Sinza hata bila simu. Kiswahili chake kilibadilika kuliko cha wenzake waliokaa bweni, na chanzo ni jiko: alijifunza kusimulia, kutania na kukatiza maneno ya mtu.

Si kila kitu kilikaa sawa. Aliniambia wazi, mwezi wa mwisho, kwamba kuaga kila atokapo kulimchosha hadi siku ya kuondoka. Mama naye alikuwa halali mpaka asikie geti. Wote wawili walilijua hili na kila mmoja alimvumilia mwenzake.

Fomu ya familia imeandikwa upya. Usafi wa chumba na kufua vimeondolewa, kiwango cha malipo kimebaki palepale, na familia zinaambiwa mapema kwamba mwanafunzi atashiriki kazi za nyumbani. Familia moja ilikataa, ikisema haiwezi kumtuma mtoto wa watu, na haikulazimishwa. Fomu ya mwanafunzi sasa ina nafasi ya jina ambalo mwenyeji wake anaitwa mtaani na jina la kituo cha daladala. Nakala ya pasipoti inapigwa kabla haijakusanywa, na laini inasajiliwa siku ya kwanza ya kazi. Mratibu ameniuliza kama matembezi ya mtaani yawekwe kabla ya semina ya malaria na wezi au baada yake. Nimemjibu yawe kabla, Jumamosi asubuhi, na atakayemtembeza mwanafunzi awe mtu wa nyumba anayokaa.